Mafiga Tuliyoyaosha kwa Sabuni

Jirani yangu wa ukuta wa pili ana mtindo wa kuchoma makumbi ya nazi kila Jumamosi asubuhi. Wengine hapa mtaani wanalalamika kwamba nguo zao za kwenye kamba zinanuka moshi. Mimi, niwaambieni ukweli, hutoa kiti changu nje na kukaa kule kule moshi unakoelekea. Moshi wa makumbi una utamu wake, unachoma pua huku unakuita, na ukinifikia tu umri wangu wote huu unanitoka. Najiona nimevaa sketi ya bluu ya shule, masizi mpaka kwenye nyusi, niko kwenye uwanja wa shule yetu pale Kariakoo, namwomba Mungu Bibi yangu akubali nipande lori.

Ngoja kwanza niwaeleze habari za hilo lori, maana bila lori hamtanielewa.

Zilikuwa zile siku za Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba. Sisi tuliokuwa katikati ya mji, ambao hata pa kupanda shina la mchicha hatukuwa napo, tulipewa shamba la mihogo huko Kisarawe. Likizo ilipokaribia tukatangaziwa mstarini kwamba darasa la sita litakwenda kambini. Wiki nzima! Kulala kwenye mahema, kupalilia mihogo, kuoga mtoni, na kwenda na kurudi kwa lori la wazi, upepo unakupiga usoni, mnaimba mpaka sauti zinakauka. Jamani! Mimi nilikuwa sijawahi kulala popote zaidi ya Mtaa wa Narung'ombe. Safari yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi siku ile ile, na nilikuwa nimeisimulia mpaka watu wakanichoka.

Sharti lilikuwa moja tu: mpishi hatakuwepo. Mwalimu Felista, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutikisa madirisha, aliyetufundisha mapishi na afya, alisimama mbele yetu mikono kiunoni.

"Kujitegemea ni kujitegemea," alisema. "Atakayekwenda kambini ni yule atakayefaulu mtihani wa kujipikia kwenye moto wa kuni bila kuungua na bila kuharisha. Wengine watabaki hapa wacheze rede."

Sasa mtoto wa Kariakoo na moto wa kuni, wapi na wapi! Sisi tulijua jiko la mkaa, unapepea na kipande cha boksi, basi. Tulijua jiko la mafuta ya taa linalonguruma na kuitia sufuria masizi. Kuni tuliziona kwenye harusi, kwenye masufuria makubwa ya pilau, na tulifukuzwa tusisogee. Ndiyo maana masomo ya jioni aliyotuanzishia Mwalimu tuliyapenda kupita kiasi. Kengele ikilia ya kwenda nyumbani, sisi ndio kwanza tunakimbilia nyuma ya madarasa.

Mwalimu Felista alitufundisha kila kitu kana kwamba tumezaliwa jana. Kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kuchemsha maji ya kunywa mpaka yaruke, siyo yatoe moshi tu. Kisu cha samaki kisiguse mchicha, na mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, usiive mpaka ukawa mweusi. Kutowasha kuni kwa mafuta ya taa hata mvua ikinyesha. Kanga ifungwe kibwebwe, ncha isining'inie. Kuzungushia jiko kamba, na ndani ya kamba awepo mtu mmoja tu, yule mwenye mwiko, na asimame, asichuchumae.

Halafu kulikuwa na ule mchezo wake wa mfuniko. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu kimya kimya na mfuniko wa sufuria mkono mmoja, kijiko kikubwa mkono mwingine. Wakati humtegemei kabisa, anagonga: ngaaa! Hapo hapo ulitakiwa uachie ulichoshika, chochote kile, uruke nyuma mpaka nje ya kamba, ndipo uulize kuna nini. Ukiuliza kwanza umekosea. Ukigeuka kutazama sufuria umekosea.

"Nyuma kwanza!" alikuwa akinguruma. "Maswali baadaye!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliona ni mambo ya watoto wa chekechea. Saidi alichukua mfuniko wa kwao akawa anatugongea hata njiani, na siku moja akaugonga nyumbani, baba yake kuli wa bandarini amelala baada ya zamu. Alitimuliwa hadi Mtaa wa Sikukuu.

Saidi huyo alikuwa wa kundi langu. Tulipangwa watatu watatu: mimi, yeye, na Aikande. Saidi, kwao watu wa Lindi, alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kila jambo duniani alikuwa na mjomba anayelijua. Aikande alikuwa mtoto wa mwenye duka, watu wa Kilimanjaro, na usafi kwake ulikuwa kama ugonjwa. Alikuwa ananusa kijiko kabla ya kukitumia. Mwalimu Felista akisema osheni mara moja, Aikande anaosha mara nyingine kwa niaba ya wasioosha.

Kwa mapishi sikuwa na wasiwasi. Shughuli ilikuwa Bibi.

Mama alishinda kiwandani, na mambo ya ruhusa nyumbani kwetu yalikuwa mikononi mwa Bibi, mama yake mama, aliyezaliwa Rufiji na kukulia kwenye moto wa kuni. Nilipomwambia habari za kambi aliendelea kuchambua mchele kana kwamba nimepiga chafya.

"Mtoto wa taa za umeme," alisema baadaye, "moto wa kuni ataujulia wapi? Aende huko aniletee makovu?"

Nikambembeleza. Nikachota maji bila kutumwa, nikamkanda miguu, nikafagia uwani mpaka wapangaji wakauliza kama kuna msiba. Mwisho akachoka nami.

"Haya. Siku ya huo mtihani wenu nitakuja mwenyewe, nione kwa macho yangu. Nikiridhika, utakwenda. Nisiporidhika, Zuhura, usije ukanililia hapa."

Nilimjua Bibi yangu. Akisema kitu amesema. Na kama kuna jambo lililokuwa likimtoa machozi ya hasira, lilikuwa ni chakula kumwagika. Mnaikumbuka ile miaka? Foleni ya unga, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na wakati mwingine unapanga foleni kwanza ndipo unauliza inauzwa nini. Nyumbani kwetu ukidondosha tonge unaliokota, unalipuliza, unalila, na finyo la paja unapata juu yake. Kwa hiyo mjue uzito wa alichofanya: usiku wa kuamkia mtihani alifungua debe lake la choroko, alizoletewa kutoka Rufiji na kuziweka kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani, akanichotea kwa viganja vyake huku akinitazama usoni.

"Usiniaibishe na choroko zangu," alisema.

Nilikuwa sijamwambia habari za mafiga. Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kila kundi lilitakiwa lije na mafiga yake. Sasa Kariakoo mnaijua, ni mchanga mtupu, chimba utakavyo, jiwe hupati. Makundi mengine yaliokota vipande vya matofali penye majengo yaliyokuwa yakijengwa. Saidi akadharau.

"Matofali? Mafiga ni mawe, bwana! Mjomba wangu yuko Feri, kule mawe ni ya kuchagua."

Basi jana yake, tulipotoka shule, tukashika njia. Tukapita Mnazi Mmoja, tukakata Mchafukoge, tukatokea Kivukoni, mioyo inatuenda mbio kana kwamba kambi yenyewe ilikuwa pale. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Mjomba hatukumwona, lakini mawe tuliyaona, loo, mazuri ajabu! Meupe, yana vitundu vitundu, mviringo kabisa kama yamechongwa kwa ajili yetu. Tukayachomoa kwenye maji yaliyobaki kati ya miamba. Nililifunga la kwangu kwenye kanga nikalitwika kichwani, na maji ya chumvi yakawa yananichuruzika shingoni mpaka Kariakoo. Watu njiani wakawa wanatuuliza tumevua nini.

Tulipoyafikisha uwani kwa kina Aikande, yeye akayainamia, akayanusa.

"Yananuka samaki," alisema. "Mwalimu hatakubali. Usafi unaanzia jikoni, si ndiyo anavyosema?"

Tukatazamana. Alikuwa amesema kweli. Akaingia ndani akatoka na kipande cha sabuni ya mche, kitu ambacho mwaka ule ungeweza kukimbizana na mtu kwa ajili yake, tukayasugua yale mawe kwa brashi ya kufulia. Tukasugua kila kitundu. Mama Aikande akatoka dukani, akasimama mlangoni akatutazama.

"Aisee," alisema, "hata nyie wenyewe hamjawahi kuogeshwa hivyo."

Yeye alikuwa mtu wa mlimani, mawe ya baharini angeyajulia wapi? Na ili kazi ikamilike, tukayaacha ndani ya karai la maji ya sabuni, yaloweke mpaka asubuhi pamoja na imani yetu yote.

Asubuhi, basi! Nani aliweza kula? Uwanja ulikuwa umejaa. Makundi yamepangwa mstari, kila moja na kamba yake, ndoo ya mchanga na ndoo ya maji. Wazazi walikaa kwenye viti vya darasani kando ya ukuta. Bibi alikuwa mstari wa mbele, amevaa kanga zake mpya, mikono mapajani. Mwalimu Felista akaenda kumwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi wa kwangu?"

Akaonyeshwa. Nikampungia mwiko. Hakunipungia.

Tukawasha. Makumbi ya nazi yakashika haraka, kuni zikafuata, moshi ukatanda, watoto wa madarasa ya chini wakapiga makofi. Mafiga yetu yaling'aa katikati ya uwanja, meupe kabisa, na niliwaona wenzetu wa matofali wakiyatupia jicho la wivu. Tukateleka choroko. Saidi akaandaa unga wa njano wa ugali, Aikande akaosha mchicha, akauosha tena. Zamu ya mwiko ilikuwa yangu, nikawa peke yangu ndani ya kamba. Choroko zikachemka, zikaanza kupasuka, nikamimina tui la nazi, na harufu ile ikapanda ikaenda moja kwa moja kwenye viti vya wazazi. Nikamwona Bibi ameinua pua. Nikasema moyoni, Kisarawe hiyo, naiona!

Ndipo nikasikia: tik.

Nikadhani ni ukuni. Ikaja nyingine, kali zaidi: tak! Kipande kidogo cheupe kikaruka kikagonga sufuria. Sufuria ikainama upande mmoja, taratibu, tui likafika ukingoni. Choroko za Bibi! Kitambaa nilikuwa nacho mkononi, nilichotakiwa kufanya ni kuinama nidake mkono wa sufuria. Na niliinama, wenzangu, nilianza kuinama.

"Nyuma!" Aikande alipiga kelele.

Sikuamua. Mpaka leo siwezi kusema niliamua. Miguu iliruka yenyewe, kama ilivyokuwa ikiruka kila jioni kwa ule mfuniko, mwiko ukanitoka, nikajikuta nje ya kamba nimekaa kitako mchangani. Na papo hapo figa likalipuka: PAAA! Likafuata la pili. Makaa yakaruka, vipande vya jiwe vikavuma, kimoja kikatoboa ndoo yetu ya maji iliyokuwa kando ya pale nilipokuwa nimesimama. Sufuria ikabinuka na choroko zote zikamwagikia motoni, zikachemka kwenye mchanga. Wazazi walipiga ukunga. Saidi, Mungu ambariki na maneno yake yote, alikuwa kimya safari hii, akaunyanyua mchanga akaumwagia moto kutoka mbali, akarudia, mpaka ukazimika.

Nikageuka nikamwona Bibi. Alikuwa amesimama mbele ya kila mtu, kanga ya kichwani imemdondokea mabegani, nywele zake nyeupe nje, kitu ambacho hakuwahi kukikubali mbele za watu. Nikatazama choroko mchangani. Nikalia kwa sauti. Nililia kama mtoto mdogo, sina aibu kusema, maana nilijua Kisarawe imekwenda.

Mwalimu Felista alitupapasa mmoja mmoja, mikono, uso, macho. Alipoona tu wazima akaokota kipande cha jiwe kwa koleo. Kilikuwa bado kinatoa mvuke.

"Haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Baharini, Mwalimu," alisema Saidi kwa sauti ndogo.

"Lakini tuliyaosha, Mwalimu!" Aikande alidakia, machozi yanamtoka. "Tuliyaosha kwa sabuni! Tukayaloweka mpaka asubuhi!"

Mwalimu Felista aligeukia ukutani. Tukaona mabega yake yanatikisika. Alipotugeukia tena macho yalikuwa mekundu, na hata sasa sijui ni kicheko au kilio, nadhani vyote viwili. Akaita shule nzima isogee, akaeleza: jiwe lililokaa majini limekunywa maji mpaka ndani, ukilipasha moto yale maji yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na usipopata unalipasua. Mawe ya jikoni yachaguliwe pakavu, mazito, yasiyo na vitundu.

"Kundi hili halina chakula," alimaliza. "Lakini lina watu watatu wazima. Kwangu mimi wamefaulu. Wazazi ndio wenye ruhusa."

Wenzetu wakatuonea huruma, kila kundi likatuchotea kidogo kidogo kwenye sinia moja: wali wa hawa, dagaa wa wale, kisamvu cha kundi la mwisho. Saidi akapata tena sauti yake.

"Huu sasa ndio ujamaa wenyewe," alisema mdomo umejaa.

Nilimwona Bibi anakuja, anatembea polepole, kanga ameirudisha kichwani. Akasimama mbele yangu. Nikangoja maneno ya choroko. Nikangoja Ramadhani, Rufiji, debe, aibu, yote. Bibi hakutazama hata ule mchanga uliolowa tui. Alinitazama miguuni.

"Nilikuwa naangalia miguu yako," alisema.

Nikaitazama na mimi. Ilikuwa imejaa majivu na mchanga, michafu kupita maelezo. Nikadhani ananisema.

"Nitaiosha, Bibi."

Akatikisa kichwa. Akapangusa pua yake kwa ncha ya kanga.

"Lori linaondoka lini?"

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni! Nikamrukia, kanga zake mpya zikapata masizi yote ya uso wangu, naye hakunisukuma. Saidi na Aikande wakaja juu yetu, tukawa tunaruka kama wendawazimu. Na Kisarawe tulikwenda. Tuliimba kwenye lori mpaka sauti zikakauka, tukaoga mtoni, tukapika kila siku kwenye mawe makavu ya mlimani, na ugali wetu wa kwanza ulikuwa mbichi katikati, tukaurudisha jikoni tukausonga upya.

Lakini lile neno la miguu lilinikera kwa miaka. Kwa nini miguu? Mtu umepoteza choroko zako za Ramadhani, umetoka kuona mawe yakilipuka mbele ya mjukuu wako, unaongelea miguu! Nilipokuwa msichana nilidhani ni uzee. Bibi akafariki, Mungu amrehemu, sijamuuliza.

Kisha nikapata mtoto wa kike, Rehema, na zamu yake ya kwenda kambini na wenzake ikafika. Nikaalikwa na wazazi wengine kuwaona wakipika uwanjani kwao. Nikakaa kwenye kiti, nikiwa na furaha zangu, nimejiandaa kusifia. Rehema alikuwa ameshika mwiko. Upepo ukageuka ghafla, ndimi za moto zikalala upande wake, nikasimama bila kujijua. Yeye akaachia mwiko akaruka nyuma, mara moja, bila kutazama sufuria. Moto ukatulia, watoto wakacheka, wakaendelea kupika. Mimi nilibaki nimesimama, macho kwenye miguu yake, na kanga yangu sijui ilidondoka saa ngapi. Ndipo nikamwelewa Bibi.

Walipomaliza Rehema alinijia mbio, uso umejaa masizi, anameremeta kwa furaha.

"Mama, uliona? Maharage yetu yalitoka rangi nzuri, eti?"

Wangekuwa wamepika maharage au kokoto nisingejua. Nilichoweza kumwambia ni kwamba kamba ya raba yake ya kushoto ilikuwa imefunguka.